Mama Alibaki, Mimi Nikapanda Basi

Wiki iliyopita fundi aliyekuwa akipiga lipu nyumba ya jirani alipasua mfuko wa saruji karibu na dirisha langu, na harufu ikaingia ndani kabla sijamwona mtu mwenyewe. Ni harufu kavu, ya vumbi na karatasi nzito, inayokwaruza kooni. Wengine hufunga dirisha. Mimi niliacha chai ikapoa. Nilikuwa nimekwisha kurudi Bwera, mji wetu wa Uganda mpakani na Kongo, nina miaka tisa, nimekaa mkekani sebuleni kwetu, na mama ananiambia nishike mkasi vizuri nisije nikajikata kidole.

Baba alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha saruji upande wa Kasese. Alikuwa Mluhya aliyevuka kutoka Kenya akiwa kijana, akaja kutafuta kazi, akaipata, kisha akampata mama. Juma zima alilala huko kazini. Jumamosi mchana alirudi Bwera na mkate, samaki wa ziwani Kasenyi aliyemnunua sokoni Kasese, na kila muhula ulipoanza, bunda la mifuko ya saruji iliyochanika ambayo kiwanda kilikuwa kimeitupa. Mfuko wa saruji una karatasi ndani ya karatasi. Ile ya nje ina maandishi na uchafu, lakini ya ndani ni ya kahawia, safi na imara kama ngozi. Mama aliikung'uta uani mpaka nyusi zake zikawa nyeupe, akaikata, akayavalisha madaftari yangu. Yakiisha yangu, alivalisha ya watoto wengine wa darasa lake waliokuwa hawana jalada. Ndiyo maana darasa la nne la shule yetu lilinuka kama jengo jipya, ingawa jengo lenyewe lilikuwa kuukuu.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya serikali, chini kidogo ya nyumba yetu. Yeye ni Mkonzo wa milima ya hapohapo Bwera, binti wa tatu kwao, na kwa hiyo jina lake Kabugho, kama desturi inavyotaka. Bwera nzima ilimwita Madam Kabugho. Hata mimi. Siku ya kwanza nilipoingia darasani kwake niliinua mkono nikasema, "Mama, naomba kwenda haja." Darasa zima likaangua kicheko. Aliniangalia kama mtu asiyenijua.

"Hapa hakuna mama," alisema. "Mama umemwacha nyumbani. Hapa kuna Madam."

Jioni, tukiwa tunamenya ndizi, nilimuuliza kwa sauti ndogo kama Madam alikuwa amenikasirikia.

"Sijakutana naye," mama alinijibu bila kuinua macho. "Lakini nimesikia watu wanasema ni mkali."

Tulikaa watano katika dawati la watu watatu. Aliyekuwa upande wangu wa kulia aliitwa Biira, msichana mwembamba mwenye kidevu kilichochongoka, ambaye baba yake alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka karibu na soko la mpakani. Baba Biira ndiye aliyeshona sare zetu zote, na alikuwa na tabia ya kukupima kwa macho unapopita njiani, akakuambia, "Eeh, mutoto, ile kanzu itakubana mbele ya Krismasi." Alikuwa ametoka ng'ambo, Kongo, kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Biira alikuwa wa kwanza darasani na mimi wa pili. Muhula mmoja tu nilimpita, na nadhani alikuwa na malaria.

Tofauti yetu ilikuwa kwamba mimi nilikariri, naye aliuliza. Kila kitu kwake kilikuwa na kwa nini. Kwa nini mto unaotutenganisha na Kongo una jina moja lakini watu wa kila upande wana bendera yao? Kwa nini saba mara nane ni sawa na nane mara saba? Walimu wengine walimwambia akae chini. Madam alikuwa akisimama, chaki mkononi, akasema, "Hebu tuone."

Wakati ule, na hili sikulijua kuwa ni jambo, watoto wa kila aina walisoma pale. Alikuwepo binti wa daktari wa hospitali. Walikuwepo mapacha wa karani wa forodha, watoto wa mchungaji, watoto wa polisi wa kituoni waliotoka Gulu na Soroti, na sisi wengine. Wakati wa uji tulipanga foleni moja. Tangi kubwa la maji lilipoletwa, tuliimba na kucheza kulizunguka. Hakuna aliyetuambia kwamba karani wa forodha alikuwa ameandika barua baada ya barua kwa ofisi ya wilaya Kasese mpaka likaja. Sisi tulidhani matangi huja tu, kama mvua.

Kisha ikafunguliwa shule mpya kwenye barabara ya kwenda Kasese. Ilikuwa na ukuta wenye picha za wanyama, vyoo vya kumwaga maji, na basi la rangi ya njano lililopita mjini kila asubuhi likipiga honi yenye sauti tatu. Wa kwanza kuondoka alikuwa binti wa daktari. Mapacha wakafuata baada ya likizo. Madarasa yetu hayakupungua watoto, maana kila Jumatatu palikuwa na mzazi mpya mlangoni anaandikisha. Waliopungua ni wale waliokuwa na kalamu mbili, ambao ungeweza kuwaazima moja.

Jumamosi moja baba alifika, akala, na badala ya kulala kidogo kama kawaida yake akabaki mezani. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo polepole kuliko vilivyohitaji.

"Nafula ahamie ile shule mpya," alisema. Nafula ndiye mimi.

"Shule yetu ina kasoro gani?" mama aliuliza.

"Wewe ndiye unayejua kuliko mimi. Darasani kwako wako wangapi?"

Mama alijua, nami nilijua: tulikuwa themanini na kitu, na yule mtoto wa nyuma kabisa alikuwa anaandika mapajani.

"Nikiondoa wangu," mama alisema baadaye, "hawa wengine nitawaambia nini?"

"Hawa wengine si wako, Kabugho."

"Kuanzia saa mbili mpaka saa kumi ni wangu."

Baba hakuwa mtu mgumu. Alikuwa na kidole kimoja kilichokatwa na mashine, na alipofikiri alikisugua kile kibutu kwa gumba. "Mimi niliacha shule darasa la saba," alisema. "Nina mtoto mmoja tu. Sitaki nibahatishe naye."

Sikusikia mama alisema nini, maana alisema kwa sauti ya chini. Lakini Jumatatu iliyofuata Baba Biira hakuitwa kunipima sare. Sare yangu mpya ilitoka Kampala ndani ya mfuko wa plastiki: sketi yenye marinda, sweta ya rangi ya zambarau yenye nembo kifuani, na viatu vyeusi vya kubandika.

Nilimwambia Biira kwenye bomba la maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu.

"Utarudi saa ngapi?" aliuliza.

"Jioni."

"Basi sawa," alisema, akajitwisha jerikeni lake.

Nitawaambieni ukweli: niliipenda ile shule. Kila mtu alikuwa na kiti chake. Palikuwa na kabati la vitabu vyenye picha, na mwalimu aliyejua jina langu bila kuwa mama yangu. Karatasi ya saruji haikuruhusiwa, madaftari yalipaswa kuvaa plastiki. Kiswahili na Lhukonzo, lugha ya Wakonzo, pia havikuruhusiwa. Aliyeponyokwa na neno alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine akiponyokwa. Wiki ya kwanza nilikivaa kibao hicho kila siku. Wiki ya tatu nilikuwa hodari wa kuwategea wengine, nikiwakanyaga vidole eti kwa bahati mbaya, maana hakuna anayesema "aii mama" kwa Kiingereza.

Kila asubuhi basi lilipita kwenye bomba, na Biira alikuwa pale kwenye foleni ya maji. Alipunga mkono, nami nikapunga. Kisha siku moja mmoja wa mapacha, kana kwamba hajawahi kupanga naye foleni ya uji, aliniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Yule ni dada wa kazi wa kwenu?" Basi zima likacheka. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Kesho yake tulipokaribia bomba niliinama kufunga kamba za viatu. Niliinama hivyo muhula mzima, na kama mnakumbuka nilivyosema, viatu vyangu vilikuwa vya kubandika. Havikuwa na kamba.

Mama hakujua hilo. Sisi wawili tulitoka mlango mmoja kila asubuhi, yeye akashuka kwa miguu na chaki zake mkobani, mimi nikasimama barabarani kungoja honi. Wakati mwingine watoto wa darasa lake walipita, wakamsalimia, wakachukua mkoba wake, wakashuka naye. Mimi niliangalia migongo yao nikaona wivu ambao sikujua jina lake.

Muhula ulipokwisha, shule yangu ilifunga mapema. Shule ya mama ikaitisha mkutano wa wazazi. Alinichukua kwa kuwa hakukuwa na mtu nyumbani, na kwa kuwa asubuhi Bwera huwa na baridi ya mlimani, alinivalisha sweta yangu ya zambarau. Nadhani hakufikiri. Nilikaa nje na Biira, chini ya dirisha la darasa la saba, tukasimama juu ya tofali kuchungulia ndani. Biira hakuniuliza habari ya kamba za viatu. Alinisogezea tu nusu ya tofali lake.

Wazazi walikuwa wengi kuliko viti. Wanawake wa sokoni walikuwa bado wamefunga vitenge vya kubebea maharage. Hedimasta alisema mambo mawili: paa la darasa la pili linavuja, na wazazi waache kuhamisha watoto. Barua alizopeleka wilayani hazijibiwi, alisema, kwa sababu wanaojua kuzifuatilia mpaka ofisini wote wamekwisha kuondoka. Kisha akamkaribisha Madam Kabugho awape moyo wazazi, maana watu walimwamini.

Mama alisimama. Nilijivunia mgongo wake ulionyooka. Alizungumza vizuri, kwa Lhukonzo na Kiswahili, kwamba shule si ukuta wenye picha, kwamba walimu wa pale wamesomea kazi yao, kwamba mtoto akikaa na wenzake wa kila namna anajifunza kuishi na watu. Wazazi walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Ndipo Baba Biira aliposimama, futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Madam, samahani sana," alisema. "Niko na ulizo moja tu. Unasema hii masomo iko muzuri. Miye nakuamini. Sasa, mutoto wako mwenyewe anapandaka basi kila asubui anaendaka wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana ilikuwa mbaya. Mtu mmoja akageuka dirishani, kisha wa pili, kisha wote, na pale dirishani palikuwa na vichwa viwili, kimoja cha Biira na kimoja changu, na chini ya changu sweta ya zambarau yenye nembo. Nilimwangalia mama, nikiomba aseme kitu cha kutuokoa. Angeweza kusema kuwa ni uamuzi wa baba. Ingekuwa nusu ya ukweli, na watu wangeipokea.

"Baba Biira, umesema kweli," mama alisema. "Wangu anapanda basi. Niliogopa. Najua watoto wangapi wako mbele yangu, na najua wangapi siwafikii mpaka kengele inapolia. Niliogopa wangu asiwe mmoja wao. Niliogopa darasa langu mwenyewe."

Hedimasta alikuwa anaangalia kucha zake. Baba Biira alibaki amesimama, akiivuta futi yake huku na huku kama anayepima kitu.

"Wasingya, Madam," alisema mwishowe, yaani asante, kwa lugha ya mama ingawa haikuwa yake. "Sisi pia tunaogopaka. Ila sisi hatuna basi."

Akakaa.

Tulipanda kilima kurudi nyumbani. Mahali ambapo watu hutandika kahawa kando ya njia ikauke, mama alisimama, akavua kiatu, akakikung'uta, akakivaa tena. Hakukuwa na kokoto. Nilikuwa na miaka kumi sasa, nikaelewa kwamba mtu mzima anaweza kutafuta kokoto isiyokuwepo, kama mimi nilivyofunga kamba zisizokuwepo. Zaidi ya hapo sikuelewa kitu.

Muhula mpya ulipoanza, mama aliniambia kwamba kila Ijumaa jioni nimpe madaftari yangu yote. Aliyasoma mezani kwa taa ya sola, akiandika pembeni kwenye daftari lake. Jumamosi asubuhi, nilipofungua mlango, baraza letu lilikuwa limejaa watoto. Walikuwa darasa langu la zamani, wale walioweza kuja, na Biira mbele kabisa. Mama aliwafundisha nilichofundishwa mimi, lakini kwa Kiswahili na Lhukonzo kwanza, kisha Kiingereza. Adhuhuri aliwapa uji wa mtama na akawaaga mmoja mmoja kwa jina.

Baba alipofika mara ya kwanza na kukuta viatu, ndala na nyayo za matope mpaka kwenye kizingiti, alisimama uani na mkate wake. "Kabugho, hata Jumamosi?" alisema. Mama aliendelea kufundisha. Baba akaingia kwa mlango wa jikoni ili asiwakatize. Jumamosi iliyofuata alikuja na ubao wa plaiwudi alioupaka rangi nyeusi mwenyewe, akautundika kwa misumari minne, akaupima kwa jicho, akasema umekaa upande, akaung'oa akautundika tena. Hilo ndilo neno lote alilosema juu ya jambo hilo.

Mimi ndiye niliyekuwa na moyo mdogo. Jumamosi ilikuwa siku yangu. Ndiyo siku pekee mama hakuwa Madam, na sasa wamekuja kuichukua, nao walikuwa tayari na siku tano nyingine. Ijumaa moja nililificha daftari la sayansi ndani ya gunia la maharage nikamwambia mama kwamba mwalimu wetu amelikusanya. Mama alisema, "Haya." Kesho yake alifundisha hesabu tu. Jumatatu alipoenda kuchota maharage ya kupika, kikombe kiligonga plastiki.

Nilingoja kiboko. Alilipangusa daftari vumbi, akaliweka mezani mbele yangu.

"Jumamosi hii sayansi utafundisha wewe," alisema.

Siwezi kueleza jinsi nilivyofurahi. Nilijiandaa juma zima. Jumamosi nilisimama mbele ya ubao wa baba, nikiwa na sweta yangu, nikawasomea kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maneno marefu yote, bila kukosea hata moja. Walinitazama kwa heshima kubwa. Kisha Biira akainua mkono.

"Kwa hiyo majani yaliyo chini ya jiwe yanakula nini?"

Nikasoma tena sentensi ileile, polepole zaidi.

"Nimesikia," Biira alisema. "Lakini jua halifiki chini ya jiwe. Na ukiinua jiwe, majani yapo. Yana rangi kama ya minyoo. Kwa nini?"

Nikamgeukia mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule nilimwona anajizuia kucheka.

"Hebu tuone," alisema.

Tukashuka wote uani. Tuliinua kila jiwe lililokuwa linainulika, watoto ishirini na kitu, tukapiga kelele tulipoona tandu, na chini ya jiwe kubwa la kufulia tukakuta majani marefu, membamba, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, yakiwa yamelala kuelekea upande mmoja. Biira alipiga magoti akayafuata kwa kidole mpaka ukingoni mwa jiwe, pale palipokuwa na ufa mdogo wa mwanga.

"Yanautafuta," alisema. "Hayali. Yanautafuta tu."

Nilipiga magoti karibu naye. Pale chini, mikono ikiwa na udongo, nilimwambia habari ya kiatu. Nilisema kwa haraka, kwa Lhukonzo, ili niwahi kabla ya aibu.

"Nilikuona," alisema. "Kichwa chako kilikuwa kinaonekana. Wewe una kichwa kikubwa." Akanipaka tope puani.

Jumatatu tulipokaribia bomba nilikaa wima na kupunga mkono mpaka kwapa likauma.

Darasa la barazani liliendelea mpaka tulipofanya mtihani wa darasa la saba. Matokeo yalipotoka, shule yangu ilitundika bango la picha zetu langoni, maana tulipata daraja la kwanza karibu darasa zima. Katika shule ya mama hakupata daraja la kwanza hata mmoja. Waliopata daraja la pili, karibu wote walikuwa wamekaa barazani kwetu, na Biira alikosa lile la kwanza kwa kitu kidogo sana. Mama aliitazama karatasi yake kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama yangu. Safari hii sikuona wivu.

Mimi nilipelekwa bweni Fort Portal, kisha chuo Kampala. Biira alisoma sekondari palepale Bwera mpaka macho ya baba yake yalipoingia ukungu, akaacha katika mwaka wa tatu akashika cherehani. Sasa ana cherehani nne na wasichana watatu anaowafundisha. Ndiye anayeshonea ile shule ya barabara ya Kasese sare zake, sketi za marinda na zote, kwa sababu hata Kampala hawamkuti mwenye mshono kama wake. Nilipomwambia kwamba jambo hilo linanichoma, alishangaa.

"Linakuchoma nini? Mimi naona ni kazi," alisema, akaninyoosha mabega anipime gauni.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tuliondoka kwa kuwa shule ya mama ilikuwa mbaya. Ni sasa tu, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeshika kisa hicho upande mmoja. Ilikuwa na kasoro, ndiyo. Lakini daktari alipoondoka, hakubaki mtu wa kuuliza habari za vyoo ambaye angejibiwa. Karani wa forodha alipoondoka, barua zilikosa miguu. Kila nyumba yenye sauti ilimshika mtoto wake mkono ikatoka naye kimyakimya, kila moja kwa mapenzi, na hakuna hata moja iliyokusudia ubaya. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watoto walioshikwa mkono. Nilichopewa nilipewa kweli, na sijawahi kutamani kukirudisha. Ila nilikuwa nikidhani kuwa akili yangu ndiyo iliyonifikisha, na nilikaa dawati moja na aliyekuwa na akili kunizidi.

Desemba iliyopita nilikwenda Bwera. Mama bado anafundisha, amebakiza muda mfupi tu kustaafu, na baba sasa anakaa nyumbani akitengeneza redio za watu. Nilimkuta mama uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikachukua mchi nikamsaidia, na katikati ya kutwanga nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza: kama siku zile zingerudi, angefanyaje?

Alifikiri, mkono ukiwa umeshika ukingo wa kinu.

"Ningekuhamisha tena," alisema. "Na Baba Biira akisimama kuniuliza, ningeona haya tena."

"Yote mawili?"

"Yote mawili, mwanangu. Sijapata njia ya kuacha moja." Akachota sombe kwa vidole, akaitazama kama imelainika, akairudisha kinuni. "Twanga. Bado ina nyuzi."